Kilichopungua Kimekwenda Wapi?

Mwanangu,

Barua yako ilifika Jumanne. Mama yako alinisomea kwa sauti, maana jioni macho yangu hayanitii tena, na asubuhi yake nikaomba nitolewe kiti barazani ili niisome mwenyewe juani, polepole, kama mtu anayechambua mchele asije akatafuna jiwe. Jiwe nililikuta katikati ya ukurasa wa pili. Unasema shahada ya kwanza ulisoma fizikia, na habari za kiini cha atomu zikakunyima usingizi kwa raha. Ya pili ukahamia uchumi-siasa, ukitaka kujua nani anachimba, nani anauza na nani anaachiwa shimo. Sasa riziki yako inatokana na kutayarisha masomo ya mtandaoni. Na udaktari unaoutamani unagusa yote matatu, nao wenzako wanakwambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, sembuse wewe mshika tatu. Ukaniuliza, kwa adabu ile uliyorithi kwa mama yako, uache lipi.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu haina subira, na mimi kwa sasa nahitaji subira kuliko dawa. Daktari aliponieleza habari ya figo zangu alikuwa akitazama dirishani, na nimeishi vya kutosha kumwelewa mtu anayekueleza jambo lako huku akitazama dirishani. Kwa hiyo nakuandikia, na nitaandika kirefu, nawe usome kidogo kidogo; na pale utakapoona baba yako anakukanya, ujue hajakukasirikia. Mapenzi yangu kwako hayajawahi kuwa jambo la kujadiliwa, wala hayatakuwa, hata ukiacha yote matatu ukarudi nyumbani kulima.

Nianze na bibi yako. Hakujua kusoma, ila alijua kupima. Miaka ile tulilima tumbaku ya moshi, na msimu mmoja, nikiwa mvulana wa darasa la nne, aliazima mizani ya mwenye duka kabla hatujapeleka robota letu kituoni. Mizani ya dukani ikasema kilo 30. Tukalibeba, tukatembea tangu alfajiri, na mizani ya mnunuzi ikasema kilo 26. Bibi yako hakupiga kelele. Alimtazama karani usoni, akamuuliza: "Kilichopungua kimekwenda wapi?" Karani akacheka, akasema, "Tumbaku hukauka njiani, mama." Wenzetu waliokuwa kwenye foleni wakacheka naye, kwa kuwa wao walikuwa bado hawajapimiwa, na hakuna anayetaka kumuudhi mwenye mizani kabla zamu yake haijafika. Baada ya siku ile nimesoma vitabu vingi vya uchumi-siasa, vingine vizito kubeba na vizito kuelewa, na sijakiona kimoja kilichonifundisha zaidi ya kicheko kile cha foleni.

Swali la bibi yako ndilo wosia wangu. Mengine yote nitakayosema ni kulizunguka tu.

Lione kwanza katika somo lako la mwanzo. Mwaka 1934, mjini Roma, Enrico Fermi na vijana wake waliipiga urani kwa nyutroni, wakapata vitu vipya visivyofanana na urani, wakaamini wametengeneza elementi nzito kuliko zote zilizojulikana. Mwaka huohuo mkemia wa Kijerumani, Ida Noddack, aliandika kwamba wameamini mapema, kwa sababu walivilinganisha vitu vyao na elementi za jirani tu, hawakuuliza kama huenda kiini chenyewe kimevunjika vipande vikubwa vya elementi nyepesi zaidi. Hakusikilizwa. Na yeye mwenyewe, nikuambie kweli yote, hakuingia maabara kulithibitisha neno lake, likabaki neno. Kwa miaka minne wataalamu bora wa Ulaya wakaifuata njia isiyokuwapo, kila mmoja akikanyaga nyayo za aliyetangulia. Desemba 1938 Fermi akapokea Tuzo ya Nobel mjini Stockholm, na mwezi huohuo, Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann wakaikuta bariamu ndani ya urani yao, elementi ambayo uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya uzito wa urani, wakaduwaa.

Hahn akamwandikia mtu ambaye angepaswa kuwa amesimama pembeni yake. Lise Meitner alikuwa amefanya kazi naye kwa miaka 30. Alizaliwa Vienna mwaka 1878 katika familia ya Kiyahudi, na Wanazi walipoimeza Austria mwezi Machi 1938, pasipoti yake ikawa karatasi tupu. Julai mwaka huo, akiwa na miaka 59, alivuka mpaka kuingia Uholanzi na masanduku mawili madogo, na pamoja nayo pete ya almasi iliyokuwa ya mama yake Hahn, ambayo Hahn alimpa ili awahonge walinzi kama ingebidi. Haikubidi. Krismasi ikamkuta Sweden, katika mji mdogo wa Kungälv, ambako mpwa wake Otto Frisch, mwanafizikia naye, alikuja kumtembelea. Wakatoka kutembea kwenye theluji, wakaketi juu ya gogo, wakaanza kupiga hesabu kwenye vikaratasi.

Hesabu yao, mwanangu, ilikuwa ya bibi yako. Vipande viwili vya kiini kilichopasuka, ukivipima pamoja, ni vyepesi kuliko kilivyokuwa kizima. Pungufu lenyewe ni dogo mno, kama sehemu moja ya tano ya uzito wa protoni moja, na mtu mwenye haraka angesema limekauka njiani. Wao wakauliza limekwenda wapi, na jibu likawa kwamba limegeuka nishati, kiasi cha elektrovolti milioni 200 kwa kila kiini kimoja kinachopasuka, nguvu ambayo hakuna kuni wala makaa duniani yanayoikaribia, chembe kwa chembe. Frisch akaazima kwa wanabiolojia neno la seli inayojigawa, likawa jina la mpasuko ule, na maelezo yao yakatoka katika jarida la Nature Februari 1939. Ukisoma karatasi ile leo utashangaa ufupi wake. Ukweli uliongojewa miaka minne ulienea katika kurasa chache, kwa sababu watu wawili hawakuona haya kuuliza habari ya kitu kidogo kilichokosekana.

Sisi husema chanda chema huvikwa pete. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake, na Meitner, aliyekieleza kilichotokea, akabaki na kumbukumbu ya ile pete ya safari. Nakuomba ulikumbuke jambo hili siku utakapopanga majina ya waandishi juu ya makala yako ya kwanza. Yule kijana aliyekusanya hojaji kwenye mvua, mama aliyekutafsiria Kindendeule, fundi wa maabara aliyejua kwamba mashine inadanganya ikipata joto: hao ndio watu ambao wasomi huwakausha njiani. Utaambiwa ndiyo desturi. Hata mizani ya karani ilikuwa desturi.

Kisha pima tena, maana bado hatujafika chini. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani, na sehemu kubwa ya urani hiyo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, karibu na mji wa Likasi. Madini yale yaligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikayachimba kwanza kwa ajili ya radiamu, ambayo madaktari wa Ulaya waliinunua kwa bei kubwa, na urani yenyewe ikahesabiwa kama makapi. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, aliona mapema kuliko wengi kwamba makapi hayo yatatafutwa, na mwaka 1940 akasafirisha tani zaidi ya 1,000 za mawe hadi New York, yakakaa ghalani Staten Island mpaka Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua. Mawe yale yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65, wakati migodi mingi ya dunia ilifurahia kupata chini ya asilimia moja. Bila shimo lile la Katanga, hesabu za Kungälv zingechelewa sana kuwa moto.

Sasa uliza swali la bibi. Katika vitabu vya fizikia nilivyosoma, na nimesoma vingi kwa ajili yako tangu ulipochagua somo hilo, Sengier ana jina, kanali aliyenunua ana jina, hata ghala lina anwani. Watu waliochambua mawe yale kwa mikono na kuyajaza katika magunia hawana jina hata moja. Walisema Kiswahili, mwanangu, kwa sababu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga. Amri walizopewa, kikohozi walichokilalamikia, salamu walizopeana asubuhi wakiingia shimoni, vyote vilisemwa kwa lugha hii ninayokuandikia. Tunajua kilo ngapi zilitoka. Vumbi lililobaki vifuani mwao halikupimwa. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, karibu na uhuru wa Kongo, lakini njaa haifungwi kwa zege: wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua baadhi yao. Nao pia nimewatafuta kwenye vitabu kwa majina, nikakosa.

Na hapa ndipo ninapotaka uone kwa nini sitakuchagulia la kuacha. Udongo wa kwetu nao una urani. Wewe ulikuwa bado shule mwaka 2012, pale Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipokubali mipaka ya Pori la Akiba la Selous isogezwe ili eneo la mto Mkuju, huku kwetu Namtumbo, litoke nje ya hifadhi kwa ajili ya mgodi. Nakumbuka wazee wakiuliza kijiweni kama maji ya visima yataharibika, vijana wakiuliza kama kuna ajira, na hakuna hata mmoja pale aliyeweza kumjibu mwenzake kwa kitu alichokijua. Aliyejua fizikia alikuwa mbali. Aliyejua mikataba alikuwa mbali zaidi. Na njia ya kuwafikishia wale wazee maarifa bila kuwapandisha basi kwenda Dar es Salaam ndiyo hiyo kazi unayoifanya sasa na kuionea haya. Wenzako wanakuona mshika vitu vitatu. Mimi naona mafiga matatu, na chungu ni kimoja. Ukiondoa figa lolote, kitamwagika.

Lakini mapenzi ya nyumbani nayo ni mtego, na afadhali nikwambie mimi kuliko ukaambiwa na mtahini asiyekupenda. Mwamba ngoma huvutia kwake. Utakwenda Mkuju ukiwa umeshaamua nani mwizi, na data zako, kama watoto wanaotaka kumfurahisha mzazi, zitakuletea mwizi uliyemtaka. Ukipima maji ya kisima ukakuta hayana dosari, andika kwamba hayana dosari, hata kama hasira yako itakosa pa kukaa. Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1977, baada ya kufanya kazi kwanza kama Azimio la Musoma lilivyotaka, mwanahistoria Walter Rodney alikuwa ameshaondoka miaka mitatu nyuma, lakini sauti yake ilikuwa bado imo kwenye kuta. Kila mwanafunzi alikuwa na nakala iliyochakaa ya kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na wengi wetu tulikipenda kwa moto wake. Wachache walijua kwamba kabla ya moto ule kulikuwa na miaka ya kuinama: Rodney alijifunza Kireno ili asome nyaraka za Lisbon zinazohusu pwani ya Guinea, karatasi za wafanyabiashara wa watumwa, mstari kwa mstari, akaziandikia tasnifu yenye subira ya fundi saa. Aliuawa kwa bomu Georgetown mwaka 1980, akiwa na miaka 38. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama kwanza ndipo akasimama kusema. Vijana wa siku zetu tulitaka kusimama tu.

Nije sasa kwenye kazi yako ya mtandao, ambayo najua unaidharau kidogo, na ambayo kwangu ndiyo yenye uchungu zaidi.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu wa miaka 22, na nikapewa kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikuwa katika vikundi vile. Sisi wetu tulikaa chini ya mwembe, wazee, wajawazito, wanawali, na redio moja yenye betri ambazo tulizianika juani zikichoka. Kipindi kilizungumza juu ya malaria, kichocho, vyoo. Kikiisha, redio inazimwa, kitabu kidogo kinafunguliwa, na kazi yenyewe ndipo inaanza: watu wanabishana. Mzee mmoja alikataa katakata kwamba kukosa choo kuna ubaya wowote, na tulijadiliana naye jioni tatu, hatukumcheka. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kuchimba choo, akatualika tukakione kama mtu anayealika watu harusini. Redio haikumfundisha mzee yule. Redio ilileta neno, na mwembe ukalimeng'enya. Nakwambia haya kwa sababu utakutana na watu watakaokwambia kwamba elimu ya mbali imezaliwa na intaneti, nao wataanza upya makosa ambayo baba zao walishayasahihisha.

Makosa yangu mimi sikuyasahihisha mapema, na hili sijawahi kukusimulia. Mwaka 1986 nilipewa kazi ya kutathmini masomo ya posta ya shirika moja. Walioandikishwa katika eneo langu walikuwa 212. Waliofika kwenye mtihani walikuwa 38, na waliofaulu 31. Nikaandika katika ripoti kwamba asilimia 82 ya watahiniwa walifaulu. Kila neno lilikuwa kweli, mwanangu. Hesabu ni sahihi, hata leo ukiipiga. Ripoti ikasifiwa, masomo yakaongezewa fedha, mimi nikapandishwa cheo, na nyumba hii uliyozaliwa ndani yake ilipauliwa kwa mshahara ule mpya.

Miaka miwili baadaye, stendi ya Songea, mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi alinitambua. Alikuwa mmoja wa wale 212. Akanieleza, bila ukali, kwamba masomo yake yalikuwa yakitumwa mpaka kwenye duka moja la njia panda, na yalifika baada ya tarehe ya kurudisha majibu, na mara mbili alikuta karatasi zake zimefungia karanga. Aliendelea miezi saba. Kisha mtoto akaugua, akaacha. Alikuwa amesikia kwamba mimi niliandika ripoti, na kwamba ripoti ilisema masomo yamefanikiwa. Akaniuliza, huku akinifungia maandazi niliyonunua: "Mwalimu, mimi niliandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemwandika popote. Watu 174 nilikuwa nimewakausha njiani, mimi mtoto wa mwanamke yule wa mizani, na nilikuwa nimefanya hivyo kwa kalamu safi na asilimia sahihi. Nilipanda basi nikiwa na yale maandazi mapajani, na sikuweza kuyala.

Sasa angalia ya zama zako. Mkongo wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na miaka mitatu baadaye vyuo vikubwa vya Marekani vilipoanza kufungua kozi zao kwa dunia nzima, tuliahidiwa kwamba mtoto wa Namtumbo atasoma darasa moja na mtoto wa Boston. Mwaka 2019 watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha katika jarida la Science walichokikuta kwenye kozi za Harvard na MIT: mwaka wa masomo 2017 hadi 2018, kati ya wote walioshiriki, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Wakakuta pia kwamba wengi wa walioingia hawakurudi tena baada ya mwaka wao wa kwanza, na kwamba waliozidi kujiunga walikuwa zaidi wa nchi zenye neema. Uliponitumia makala ile nilifurahi kwa jambo moja: watu wale walithubutu kupima gunia zima. Wangeweza kuhesabu waliofika kwenye mtihani tu, kama mimi.

Wewe una jambo ambalo watu wa posta hatukuwa nalo. Mtambo wako unajua nani aliingia saa ngapi, alitazama dakika ngapi za somo, alikwama kwenye swali gani, na usiku gani hakurudi tena. Usidhani kwamba kwa kuwa umejua siku aliyoondoka umejua kwa nini aliondoka. Huenda bando liliisha. Huenda simu ni ya kaka, na kaka kasafiri. Huenda mhadhara ulisema "kama mnavyojua" mahali ambapo yeye hajui, akaona aibu, na aibu ya mtu aliye peke yake mbele ya kioo cha simu haina mwembe wa kukaa chini yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfuate. Panda basi, panda bodaboda, keti jikoni kwake, umuulize, na umwache amalize kujibu. Mtu mmoja aliyeacha, ukimsikiliza mchana mzima, atakusahihishia kozi yako kuliko mia waliomaliza, maana waliomaliza wengi wangemaliza hata ungewafundisha vibaya.

Utajikwaa. Nasema hivi kwa utulivu kabisa, kama ninavyosema kwamba masika yatakuja. Kuna mwaka, nadhani wa tatu, ambapo vipimo vitagoma, msimamizi wako atakuwa safarini, wenzako uliomaliza nao watakuwa wamejenga na wewe bado unaomba nauli, na usiku mmoja utakaa na jedwali lenye tarakimu mbili zinazoharibu hoja nzima. Tarakimu mbili tu kati ya mia. Hakuna atakayejua. Utajiambia ni hitilafu ya chombo, na huenda kweli ni hitilafu. Basi nenda ukakikague chombo, urudie, uandike ulichokiona. Siku hizi ziko pia programu zinazoweza kukuandikia sura nzima pamoja na marejeo ya vitabu visivyokuwapo duniani, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Usiku ule zitakuwa karibu nawe kuliko mimi. Mficha uchi hazai, na mtafiti anayeficha pungufu lake hatazaa chochote hata akivaa joho jekundu. Zile tarakimu mbili huenda ndizo bariamu yako. Fermi alikuwa mtu mwenye akili kuliko mimi na wewe, na alipita pembeni yake.

Na ikiwa umeshafuta? Nalo nimelifikiria, maana nakujua tangu ulipokuwa ukificha daftari la hesabu chini ya godoro. Ikiwa umeshafuta, rudi useme. Mwambie msimamizi kwanza, kisha uwaandikie wahariri, kisha umwambie mama yako kama mimi sitakuwepo. Utapoteza mwaka, pengine utapoteza makala, pengine na fedha za ufadhili. Hutatupoteza sisi. Mimi nilichelewa miaka miwili, na nilisubiri mpaka niulizwe stendi, na sikwenda kuomba ripoti ile isahihishwe kwa sababu paa lilikuwa limeshakwisha kuezekwa. Hilo ndilo linalonikalisha macho sasa kuliko figo.

Nilichoweza kukifanya, nilikifanya polepole, kwa miguu. Niliinakili upya orodha ya wale watu 212 kutoka kwenye karatasi za kaboni nilizokuwa nimebaki nazo, katika daftari moja kubwa lenye jalada jeusi, na kila likizo nilichukua majina mawili matatu nikaenda kuwatafuta, Namtumbo, Mbinga, Tunduru. Wengine walishahama. Wengine nilionyeshwa makaburi yao. Kila niliyemkuta nilimuuliza kwa nini aliacha, nikaandika jibu lake kama alivyolisema, bila kulinyoosha. Wapo waliocheka, wapo waliodhani nimeleta vyeti. Nimefikisha majina 63. Safari ya mwisho ilikuwa kabla magoti hayajakataa, na katika ukurasa ule kuna mzee wa Tunduru aliyesema kwamba hakuacha, kwamba alituma majibu ya somo la tisa na bado anangoja la kumi.

Sina shamba kubwa la kukuachia, na paa unalijua lilivyopatikana. Daftari limo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, upande wa ukutani, nimelifunga kwa kitambaa cha bibi yako. Ufunguo anao mama yako. Utakapokuja Desemba, hata kama utanikuta nimelala, fungua, anzia jina la 64. Ni la mwanamke, na kijiji chake hakiko mbali na barabara ya Mkuju.

Baba yako